Kutoka Kisahani cha Maabara hadi Wodi ya Kilifi: Seli Shina na Mchochota wa Ubongo

Kila yanapotangazwa matokeo ya maabara kwamba seli shina zimetuliza mchochota katika seli za ubongo, habari hiyo hufika Malindi na Kilifi ikiwa imekwisha kubadilika sura. Mzazi ambaye mtoto wake alibaki na kifafa baada ya malaria kali husikia kwamba dawa imepatikana. Muuzaji wa vidonge vya mimea vyenye jina la seli shina kwenye kibandiko huona soko limefunguka. Na mtu ambaye kwa miaka mingi amekuwa na shaka na watafiti wanaochukua damu za watoto hujiuliza kama sasa watataka na vitovu. Kilichotokea maabarani hasa hakielezwi na yeyote. Hoja yangu ni kwamba matokeo ya aina hii ni ya kweli, lakini yanajibu swali dogo kuliko lile linaloulizwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Pwani hii ina historia ya utafiti inayoonyesha, kwa hesabu ya maisha ya watoto, jinsi maswali hayo mawili yalivyo mbalimbali.

Mchochota ndani ya fuvu

Mchochota ni kazi ya kinga ya mwili. Mahali palipoumia au kuvamiwa, mishipa midogo ya damu hulegea, maji na seli za kinga hupenya kwenye nyama, na kemikali za kuitana ziitwazo saitokini humwagwa ili msaada zaidi uje. Kwenye kidonda cha mguu tunaiona hali hiyo kwa wekundu, joto na maumivu, na kwa kawaida huisha kidonda kinapopona. Fuvu la kichwa halina nafasi ya kuvimbia. Tena ubongo una walinzi wake, seli za mikroglia, ambazo zikishtuka hubadilika umbo, hula mabaki na kutoa saitokini kama TNF na IL-6. Kwa muda mfupi kazi hiyo ni ya lazima, kwani bila hiyo maambukizi yangeachwa yaenee. Ikiendelea kupita kiasi, kemikali zile zile huanza kuumiza niuroni zilizokusudiwa kulindwa. Ugumu wote wa tiba umo humo: anayezima mchochota mapema mno humwondolea mgonjwa kinga, na anayechelewa hukuta madhara yamekwisha kutendeka.

Kilifi inalijua tatizo hili kuliko sehemu nyingi. Hospitali ya Kaunti, ambako programu ya utafiti ya KEMRI na Wellcome Trust ilianzishwa mwaka 1989, imepokea vizazi vya watoto waliozimia kwa malaria, waliougua homa ya uti wa mgongo, au waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa. Degedege, ambalo katika vijiji vya Mijikenda wengi wamelieleza kuwa ni nyuni, yaani pepo la ndege, ni moja ya sababu kubwa za kumkimbiza mtoto hospitalini au kwa mganga. Uchunguzi uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba karibu robo ya watoto waliopona malaria ya ubongo walikuwa na kasoro fulani ya ukuaji wa akili, lugha au viungo, na uchunguzi wa Uganda miaka michache baadaye ulifikia kiwango kinachokaribiana na hicho. Malaria yenyewe ilipungua: kwa kila watoto 1,000 wa eneo hilo, waliolazwa kwa malaria walishuka kutoka 18.43 mwaka 2003 hadi 3.42 mwaka 2007. Lakini mtoto aliyepona na kubaki na kifafa haondoki katika hesabu ya familia yake kwa sababu takwimu zimeshuka.

Katika malaria kuna jambo moja ambalo msomaji anapaswa kulishika kabla ya kuendelea, maana ndilo litakaloamua mengi huko mbele. Kimelea cha malaria hakiingii kwenye nyama ya ubongo. Hubaki ndani ya chembe nyekundu za damu, na chembe hizo hunata kwenye kuta za mishipa midogo hadi kuiziba. Mwaka 2013 watafiti waliotumia sampuli za watoto wa Tanzania walionyesha kwamba vimelea vya malaria kali hunata hasa kwenye pokezi liitwalo EPCR, ambalo kazi yake ya kawaida ni kusaidia kuzuia damu isigande na kutuliza mchochota katika kuta hizo. Kwa hiyo kimelea huziba njia ya damu na papo hapo hukamata breki ya mwili. Miaka 2 baadaye, picha za MRI zilizopigwa Blantyre, Malawi, zilionyesha kinachoua: kati ya watoto 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba kupindukia.

Kinachofanyika maabarani

Majaribio yanayozungumziwa hufuata mpango mmoja. Seli za mikroglia, mara nyingi za panya, huoteshwa kwenye kisahani zikiwa ndani ya maji yenye lishe. Kisha hushtuliwa, kwa kawaida kwa sumu inayotoka kwenye ukuta wa bakteria, nazo huanza kumwaga TNF na wenzake. Halafu huletwa seli shina, aghalabu zile zinazopatikana kwenye uboho, mafuta ya mwili au kitovu cha mtoto mchanga, na hutengwa na mikroglia kwa utando wenye vitundu vidogo vinavyopitisha kemikali bila kupitisha seli. Baada ya saa 24 au zaidi, saitokini hupimwa upya. Mara nyingi zimepungua. Hata yale maji tu ambamo seli shina zilikuwa zikiishi, yakimiminwa peke yake, huweza kuleta utulivu kama huo.

Jambo hilo la mwisho limebadilisha fikra za wataalamu. Watu wengi wakisikia seli shina huwaza kiungo kipya kikiota mahali pa kile kilichoharibika. Seli za aina hii hazigeuki niuroni za kuziba pengo. Zinatoa kemikali, kama vile prostaglandini E2 na protini iitwayo TSG-6, ambazo huziambia seli za kinga zipunguze ukali. Arnold Caplan, mwanasayansi wa Marekani aliyezipa jina la seli shina za mesenkaima mwaka 1991, aliandika mwaka 2017 akiomba jina hilo libadilishwe, kwa sababu neno shina linawafanya wagonjwa waamini kitu ambacho seli hizo hazikifanyi. Ni nadra mtu kulikana jina lililompa sifa, na ningependa kila anayetangaza tiba hizi asome ombi lile. Pia zisichanganywe na seli shina za damu, ambazo upandikizaji wake ni tiba inayojulikana duniani kwa miongo mingi na ambazo Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma imezitumia kwa watoto wenye selimundu tangu mwaka 2023. Mafanikio ya Dodoma si ushahidi wa kinachodaiwa kuhusu ubongo.

Hoja za wenye matumaini

Wanaotetea njia hii wana hoja nzito. Dawa ya kawaida hupiga kwa nguvu ile ile bila kujali hali ya mwili iliyoikuta, ilhali seli shina za mesenkaima huhisi mazingira yake: zikikutana na TNF na saitokini nyingine za mchochota, huongeza kemikali za utulivu. Kwa nadharia hiyo ni tiba inayojirekebisha, jambo ambalo kidonge hakiwezi. Pili, kisahani hakihatarishi mtoto. Tangu Shinya Yamanaka aonyeshe mwaka 2007 kwamba seli ya ngozi ya mtu mzima inaweza kurudishwa katika hali ya ushina, na kwa kuwa sasa mikroglia za binadamu zinapatikana kwa njia hiyo, hakuna tena haja ya kutegemea panya peke yake wala ya kugusa kijusi. Tatu, elimu yetu ya malaria yenyewe imejengwa kwenye visahani. Mpaka mwaka 1976, William Trager na James Jensen walipofaulu kuotesha kimelea cha falsiparamu mfululizo katika damu ya binadamu, dawa zilipimwa kwa shida kubwa. Anayedharau kisahani anadharau chanzo cha mengi tunayoyajua.

Kuna pia ushahidi kwamba tiba hizi zinaweza kuvuka hadi hospitalini. Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kwa mara ya kwanza tiba ya seli za mesenkaima, kwa watoto ambao miili yao inashambuliwa na kinga iliyopandikizwa na ambao dawa za steroidi zimeshindwa kuwasaidia. Lakini idhini hiyo ilipatikana baada ya kukataliwa zaidi ya mara moja, na ni ya ugonjwa usio wa ubongo.

Yaliyotokea dawa za kutuliza zilipofika kwa wagonjwa

Hapa ndipo ninapoona uzito unaegemea upande wa pili. Wazo la kutibu malaria ya ubongo kwa kutuliza mchochota limejaribiwa tayari, na halijaenda vizuri. Mwaka 1982 David Warrell na wenzake walichapisha jaribio la deksamethasoni kwa wagonjwa 100 nchini Thailand. Dawa hiyo ya steroidi, iliyokuwa ikitolewa kwa imani kwamba itapunguza uvimbe, haikuokoa maisha. Waliopona walibaki wamezimia kwa wastani wa saa 63.2, dhidi ya saa 47.4 kwa wasioipata, na matatizo mengine yaliongezeka. Huko Gambia watafiti walijaribu kulenga TNF yenyewe, saitokini ile ile inayopimwa kwenye visahani. Watoto 610 wenye malaria ya ubongo waligawanywa katika makundi mawili, moja likapewa kingamwili ya kuikamata TNF. Matokeo yalitolewa mwaka 1996: vifo vilikuwa asilimia 19.9 kwa waliopewa na 20.8 kwa wasiopewa, yaani hapakuwa na tofauti ya maana. Ulemavu wa ubongo uliobaki ulikuwa asilimia 6.8 kwa waliotibiwa na 2.2 kwa wengine. Saitokini inayolaumiwa ilizuiwa, na watoto wengi zaidi wakaondoka hospitalini na ulemavu.

Kilifi ina somo lake la namna hiyo, ingawa dawa ilikuwa ya degedege na si ya mchochota. Wazo la fenobabitali lilikuwa na mantiki iliyonyooka: degedege huumiza ubongo, dawa huzuia degedege, basi ipewe mapema. Katika jaribio la watoto 340 lililochapishwa mwaka 2000, dawa ilitimiza ahadi yake, kwani waliopata degedege mara kwa mara walikuwa asilimia 11 dhidi ya 27. Lakini vifo vilikuwa asilimia 18 dhidi ya 8, hasa kwa kupumua kusimama. Mtu ambaye angepima degedege peke yake angetangaza ushindi. Mwaka 2011 jaribio kubwa la Kenya, Uganda na Tanzania lililoongozwa na Kathryn Maitland kutoka Kilifi likaonyesha kwamba kumwongezea kwa haraka maji ya mishipa mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, jambo lililofundishwa vyuoni kama uokoaji, kulipandisha vifo vya ndani ya saa 48 hadi takriban asilimia 10.5 kutoka 7.3.

Atatokea msomaji wa kusema kwamba nimechagua mifano mibaya, na kwamba kutuliza mchochota wa ubongo kumeokoa watu kwingine. Ni kweli. Deksamethasoni ilipunguza vifo vya kifua kikuu cha uti wa mgongo huko Vietnam kutoka asilimia 41.3 hadi 31.8, kwa matokeo ya mwaka 2004, na ilisaidia watu wazima wa Ulaya wenye homa ya uti wa mgongo ya bakteria mwaka 2002. Mwaka huo huo, hata hivyo, dawa hiyo hiyo haikuleta nafuu kwa watoto wa Malawi wenye homa ya uti wa mgongo ya bakteria. Walifika wakiwa wamechelewa, wengi wana upungufu wa lishe au virusi vya UKIMWI. Mifano hiyo inanipa nguvu badala ya kuniangusha: dawa moja, mchochota unaofanana, na jibu likabadilika kwa ugonjwa, umri, muda na mahali. Kisahani hakina hata kimoja cha vitu hivyo vinne.

Kinachokosekana kwenye kisahani

Tukirudi kwenye jaribio lenyewe, pengo linaonekana wazi. Mikroglia hushtuliwa kwa sumu ya bakteria iliyomiminwa juu yao, ilhali katika malaria adui yumo ndani ya mshipa, upande wa pili wa ukuta. Kisahani hakina mshipa, hakina damu inayotembea, hakina fuvu linalobana. Hata vijibongo vidogo vinavyooteshwa maabarani, ambavyo Madeline Lancaster alivieleza mwaka 2013, huota bila mishipa na kwa kawaida bila mikroglia, kwa sababu mikroglia hutoka kwenye tabaka jingine la kiinitete. Isitoshe, kwenye kisahani seli shina huwekwa hatua chache kutoka kwa seli zinazotakiwa kutulizwa. Zikichomwa kwenye mshipa wa mgonjwa, nyingi hunaswa kwenye mapafu, chujio la kwanza baada ya moyo.

Nafasi ya kupima pengo hilo ilipatikana Brazil. Watafiti waliwapa seli za mesenkaima panya walioambukizwa malaria inayoshambulia ubongo, na mwaka 2015 wakaripoti kwamba madhara ya mapafu na figo yalipungua, lakini ya ubongo hayakupungua. Tena panya hao ni kielelezo chenye utata, maana ubongo wao huharibika zaidi kwa seli za kinga aina ya CD8 kuliko kwa chembe nyekundu zinazonata. Kwa binadamu, jaribio la kimataifa la wagonjwa 144 wa sklerosisi (multiple sclerosis), ugonjwa ambao mchochota wa ubongo ndio kiini chake, lilichapishwa mwaka 2021 bila kuonyesha kwamba seli hizo zinapunguza vidonda vipya vinavyoonekana kwa MRI. Haya yote yanaonyesha mipaka ya kisahani bila kukikanusha. Seli hutuliza seli. Kazi inayobaki, na ndiyo kubwa, ni kujua zinafika wapi, saa ngapi na kwa nani.

Kitovu, kondo na ridhaa

Kuna wanaopinga kwa misingi ya dini wakidhani kila seli shina hutoka kwa kijusi. Kwa majaribio yanayojadiliwa hapa hofu hiyo haina msingi, kwa kuwa chanzo ni uboho, mafuta au kitovu na kondo ambavyo mtoto havihitaji tena. Hata hivyo kwa familia nyingi za pwani kondo si taka. Huzikwa, na mahali lilipozikwa pana maana kwa ukoo. Tangu mwaka 2005 watafiti wa Kilifi wamekuwa na wawakilishi wa jamii wa kujadiliana nao, utaratibu uliokuja baada ya uvumi na hasira kuhusu damu kuonyesha kwamba karatasi iliyotiwa sahihi haitoshi. Mama aliyetoka kujifungua saa hiyo hawezi kuulizwa kwa haraka kama kitovu kichukuliwe. Swali hilo liulizwe kliniki ya wajawazito, mapema, baba na bibi wakiwa na nafasi ya kusema, na jibu la hapana lipokewe bila kumnyima mtu huduma.

Soko linalotangulia sayansi

Madhara ya kuuza kabla ya kujua yamekwisha kuandikwa. Mwaka 2009 iliripotiwa kwamba mvulana wa Israeli aliyedungwa seli za ubongo wa vijusi huko Moscow aliota uvimbe uliotokana na seli hizo. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani walieleza habari za wanawake watatu waliopoteza uwezo wa kuona baada ya kudungwa machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta yao wenyewe, kwenye kliniki iliyowatoza pesa. Kuhusu vidonge vya mimea vinavyonadiwa kwa jina hili, seli ya tofaa au zabibu haiwi seli ya mtu kwa kupita tumboni. Humeng'enywa kama chakula kingine. Mzazi aliyeshawishika kuuza mbuzi ili anunue kopo la vidonge hivyo kwa mtoto mwenye kifafa amedhulumiwa, na hasara inazidi akimwachisha dawa za kifafa anazopewa kliniki. Maswali machache yanamtosha yeyote anayeahidiwa tiba hii: jaribio liko wapi, limesajiliwa na kupitishwa na kamati gani ya maadili, na kwa nini mgonjwa atozwe? Utafiti wa kweli haumwuzii mshiriki kile kinachojaribiwa.

Uzito wa hoja

Nikiziweka hoja zote pamoja, siungi mkono wito wa kuleta seli shina kwenye wodi ya malaria kali. Mtoto aliyezimia anaweza kufa ndani ya saa chache, na seli zinazohifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji kwa nyuzi 196 chini ya sifuri haziwezi kumfikia wakati huo, hata kama zingefanya kazi. Kilichopunguza vifo ni kumpiga kimelea mwenyewe mapema: jaribio la watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, lililochapishwa mwaka 2010, lilionyesha vifo vya asilimia 8.5 kwa artesuneti dhidi ya 10.9 kwa kwinini. Shilingi ya mwisho ya kaunti ikibidi ichague, iende kwenye artesuneti, oksijeni, chanjo na gari la kumtoa mgonjwa Magarini au Ganze kabla hajazimia.

Wanaosema kwamba msimamo huu unaiacha Afrika nyuma wana haki ya kujibiwa. Kuachwa nyuma ni kungoja maswali yaulizwe kwingine kwa magonjwa ya kwingine, kisha kununua majibu. Kilifi ina watafiti, sampuli na kumbukumbu za afya za wakazi wake tangu mwaka 2000 za kuliuliza swali lake yenyewe. Kisahani cha kwetu kingepaswa kuwa na seli za ukuta wa mshipa wa ubongo wa binadamu, chembe nyekundu zenye falsiparamu badala ya sumu ya bakteria, na mikroglia upande wa pili wa ukuta huo. Kisha yawekwe maji ya seli shina, au vifuko vidogo vinavyotolewa na seli hizo, ambavyo ni rahisi kuhifadhi kuliko seli hai, na ipimwe si TNF peke yake bali kama ukuta unabaki imara na kama vimelea vinaendelea kunata. Na mgonjwa anayefikiriwa awe yule aliyekwisha kuzinduka, ambaye kimelea kimeondoka lakini kifafa na usahaulifu vitaonekana miezi baadaye. Huyo ana wiki kadhaa za kusaidiwa ambazo aliyezimia hana, na mpaka sasa hospitali humruhusu aende nyumbani bila dawa yoyote iliyothibitishwa ya kuulinda ubongo wake.